Tusikate Chemko

Mwaka huu naomba nafasi katika kitabu chetu nitoe rai juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo, nalo ni jinsi tunavyohifadhi sauti za sherehe zetu.

Mfanyakazi mwenzangu hapa Louisville ni mpenzi wa Grateful Dead, bendi ya California iliyovunjika baada ya mpiga gitaa wake, Jerry Garcia, kufariki mwaka 1995. Bendi hiyo ilianza wimbo kama kawaida, kisha magitaa yakaachiwa yatafute njia yenyewe, pengine kwa dakika ishirini. Sisi tuliokulia kambini Nyarugusu na kanda za Remmy Ongala hatuoni ajabu. Tunajua kwamba wimbo ukifika kwenye chemko ndipo dansi linapoanza.

Basi bwana huyo akaniletea rekodi tatu za maonyesho yao, kila moja ya mji wenye jamaa zetu. Nimezisikiliza majira yote ya baridi, na hazifanani hata kidogo.

Ya Louisville ilipigwa Freedom Hall, tarehe 18 Juni 1974. Mwaka ule bendi ilisimamisha nyuma yake ukuta wa mamia ya spika, na besi ya Phil Lesh inasikika noti kwa noti. Ya Buffalo ni ya tarehe 9 Mei 1977, katika Memorial Auditorium, ukumbi uliobomolewa mwaka 2009. Humo wapiga ngoma ni wawili, Bill Kreutzmann na Mickey Hart. Anayetaka kucheza achukue hiyo.

Lakini mimi nachagua ya Columbus, Ohio Theatre, tarehe 31 Oktoba 1971. Mpiga piano, Keith Godchaux, alikuwa hajatimiza wiki mbili tangu aanze kupanda jukwaani na bendi hiyo. Mimi namsikia mgeni anayesikiliza kwanza, kisha anaingia, na wenyeji wanampisha. Nani kati yetu hakufika nchi hii namna hiyo?

Rekodi kama hizi zimeenea kwa sababu bendi haikuwafukuza mashabiki waliokuja na vinasa sauti. Mwaka 1984 ikawatengea hata sehemu yao ukumbini. Nao walipeana kanda bila kuziuza.

Sasa tujitazame sisi. Shangazi yetu alipofariki, tulitafuta sauti yake. Tukafungua video ya harusi ya binti yake, iliyofanyika Columbus. Magari yamo, keki imo, suti zimo. Nyimbo alizoongoza usiku ule, karibu saa nzima, zimebaki dakika mbili, na katika hizo anasikika mara moja tu, akicheka. Simlaumu fundi. Sisi wenyewe ndio tuliomwambia afupishe, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema.

Kwa hiyo natoa rai. Kuanzia sherehe ijayo, kila mji uteue kijana mmoja aweke simu au kinasa sauti karibu na ngoma, tangu mwanzo hadi watu watawanyike. Asikate kitu. Nakala zikae nyumba tatu, moja Louisville, moja Columbus, moja Buffalo, ili nyumba moja ikipatwa na janga nyingine zibaki nazo.

Najua watakaosema kwamba mambo marefu yanachosha, na kwamba wazee wakichangamka husema yasiyowafaa watoto. Ni kweli. Anayechoka aruke mbele, na ya wakubwa wawekewe wakubwa. Lakini kilichokwisha kukatwa hakuna wa kukirudisha.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sauti za wazee wetu ni mali, na shangazi tumekwisha kumpoteza mara mbili.