MENDE SI AIBU YA NYUMBA MOJA

Ndugu Wanachama,

Kuna mambo tunayoona haya kuyasema katika mkutano wa chama, na moja ni mende. Habari za mishahara na saa za kazi tunazisema pamoja, lakini jioni kila mtu hurudi landhi, hufunga mlango wake, na kupigana na mende peke yake. Bwana humlaumu bibi kuwa ni mchafu. Bibi humlaumu jirani. Mimi nasema lawama hizo hazifai kitu.

Mende anataka vitu vitatu: chakula, maji, na mahali pembamba pa kujificha mchana. Yule mdogo wa kahawia, aitwaye mende wa Kijerumani, jike lake hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40. Hupita katika nyufa na kando ya mabomba. Nasi nyumba zetu ni za mstari. Ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Ukipiga dawa leo, wasiokufa huhamia kwake. Akipiga yeye kesho, hurudi kwako. Pesa zimekwisha na mende wapo.

Tena mende huzoea dawa. Mwaka 1952, katika mji wa Corpus Christi huko Marekani, walionekana mende ambao dawa kali ya siku zile haikuwaua tena. Na hizi dawa za shamba zinazouzwa barabarani katika chupa zisizo na jina, zaweza kumdhuru mtoto kabla ya mende.

Wengine watasema chama kina kazi kubwa kuliko wadudu. Nawauliza: mtoto akishikwa na pumu usiku, nani hafiki kazini asubuhi? Mwaka 1997 madaktari wa Marekani walieleza kwamba watoto wa mijini wenye pumu, ambao miili yao haipatani na mende na ambao hulala penye mende wengi, walilazwa hospitali mara nyingi kuliko wenzao.

Basi iko sehemu yetu. Sufuria zioshwe kabla ya kulala. Unga na sukari vikae katika debe lenye kifuniko. Takataka zitolewe jioni, na maboksi ya zamani yatupwe. Unga wa asidi ya boriki unyunyizwe kidogo tu katika nyufa na nyuma ya kabati, mbali na chakula na watoto. Mende huukanyaga, hujilamba, na baada ya siku chache hufa. Lakini mstari mzima ufanye siku moja, na urudie baada ya majuma manne, maana mayai hayafi pamoja na wakubwa.

Iko na sehemu ya mwenye nyumba. Bomba linalovuja, ukuta wenye nyufa, pipa la takataka lisilo na kifuniko: hayo hayatengenezwi kwa ufagio wa bibi. Kodi tunalipa. Kila mstari uchague mtu mmoja aandike namba ya nyumba, ubovu wake na tarehe. Orodha apewe Katibu wa tawi, aipeleke pamoja na madai yetu mengine.

Barua ya mtu mmoja hulala mezani. Barua ya mstari mzima hutafutiwa jibu.

Ni mimi,
Mfanyakazi wa Reli