Usukani Pekee Hautoshi

Muhula huu, katika somo la Jiografia, tulipewa kazi ya kupanga kwa ramani safari ya gari katika nchi ya mvuke ya Nyuzilandi, kutoka mji wa Rotorua mpaka Taupo, katika Kisiwa cha Kaskazini. Njia yenyewe ni kama kilometa 80, nayo ni ya lami. Magari hupita kushoto kama kwetu. Wenzangu wengi walisema: mgeni akodi gari, aendeshe mwenyewe, asimlipe mtu wa kumwongoza, na jioni awe amekwisha kuona yote. Mimi sikukubali siku ile, na hata leo sikubali. Nawaomba wasomaji wazipime sababu zangu.

Sikatai kwamba kuendesha gari mwenyewe kuna faida. Mtu huondoka atakapo, husimama apendapo. Kusini mwa Rotorua ataona Wai-O-Tapu, penye madimbwi ya rangi ya machungwa na ya kijani. Na kabla ya kufika Taupo atapita Wairakei, ambako tangu 1958 mvuke wa ardhini huendesha mitambo ya umeme. Hayo macho yatosha kuyaona.

Lakini wazee walisema, mgeni ni kipofu. Pale Rotorua kipo kijiji cha Whakarewarewa, nao Wamaori wanaishi humo hata sasa, katikati ya mvuke na harufu ya mayai viza. Hupika chakula katika masanduku yaliyowekwa juu ya mvuke, na kuoga maji ya moto ya ardhi hiyo hiyo. Watu wa kijiji wenyewe ndio huwatembeza wageni. Mahali pengine ardhi ni nyembamba kama ukoko wa wali, na chini yake maji yanachemka. Ni nani ajuaye pa kukanyaga kuliko aliyezaliwa pale?

Tena kazi hii si ya jana. Zamani wageni walikwenda kuona ngazi za mawe za Ziwa Rotomahana, moja nyeupe na moja ya waridi, zilizoteremka maji ya moto. Mmoja wa waongozi wao alikuwa mwanamke, Sophia Hinerangi, wa kijiji cha Te Wairoa. Usiku wa 10 Juni, 1886, mlima Tarawera ulilipuka. Ngazi zile zikapotea, Te Wairoa ikafukiwa, na watu zaidi ya 100 wakafa. Wengine zaidi ya 60 walijistiri katika nyumba ya Sophia wakapona. Wengi wa waliosalia walikaribishwa Whakarewarewa na jamaa zao, naye Sophia akaendelea na kazi yake huko. Je, kibao cha kando ya njia chaweza kusimulia haya kama mjukuu wa watu wale?

Sababu ya tatu ni hii. Watu wa mjini walichimba visima vingi ili wapate maji ya moto ya nyumba na hoteli, hata chemchemi zikaanza kufifia. Kati ya 1986 na 1988 Serikali ilivifunga visima vilivyokuwa karibu, hata kilometa 1.5 kutoka Pohutu, chemchemi irushayo maji hata meta 30 juu. Baadaye nguvu zikarudi. Asiyeambiwa habari hii hudhani Pohutu haina mwisho. Aliyeambiwa hujua ya kuwa mali ya ardhi huchotwa kwa kiasi. Somo hilo latuhusu hata sisi wa Kenya, ambao tangu 1981 twapata umeme wa mvuke wa Olkaria.

Wenzangu wasema mwongozi ni gharama. Kweli, fedha hutoka. Lakini huwafikia wenye kijiji, wanaovumilia miguu ya wageni mbele ya milango yao kila siku. Kupiga picha na kwenda zako bila hata salamu si uungwana.

Basi shauri langu ni hili: mgeni na aendeshe gari lake mpaka langoni, hapo azime injini, ashuke, amfuate mwenyeji. Na safari ya siku 1 iwe ya siku 3. Mwenzangu aliye na hoja ya kunipinga na amletee Mhariri; nitafurahi kuisoma muhula ujao.