Picha za askari wa Keya: barua ya wazi kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima, naomba Idara yako iwafungulie mlango watu wenye picha za babu zao waliopigana Vita Kuu ya Pili wakiwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles. Siombi mzinunue wala mzichukue moja kwa moja. Naomba mziazime, mziskani, mwandike majina ya waliomo, kisha mzirudishe kwa wenyewe.

Nasema sasa kwa sababu wanaoweza kutaja majina hayo wanatutoka. Askari wenyewe karibu wote wametangulia mbele ya haki. Waliobaki ni watoto wao, nao ni wazee. Katika ukoo wetu ni shangazi yangu peke yake anayejua kwamba katika picha yetu yule mrefu aliyesimama kushoto kwa Babu si ndugu yetu. Ni mtu walioandikishwa naye pamoja Tabora, na hakurudi. Jina lake analijua, na la kijiji chake pia. Asipoulizwa mapema, mtu huyo atabaki kuwa "askari fulani".

Na "askari fulani" tunao wengi tayari. Imperial War Museum ya London ina picha nyingi za vikosi vya Afrika Mashariki vikiwa Burma. Maelezo yake hutaja mahali na kikosi, lakini Mwafrika anayetazama kamera mara nyingi hana jina. Majina yako huku kwetu, kwenye bahasha za kaki na masanduku ya bati, na kwenye vichwa vya wazee.

Picha moja ya familia ina mengi kuliko inavyodhaniwa. Ya kwetu inaenea kiganjani. Imepigwa studio, watu watatu wamevaa kofia za pama, Babu ana tepe mbili mkononi. Nyuma kuna mhuri wa mpiga picha wa Colombo na namba 36 iliyoandikwa kwa penseli. Kwa miaka mingi tulidhani ni namba ya oda ya studio. Kumbe ni batalioni: ya 36 ya King's African Rifles, mojawapo ya zile zilizozaliwa kutokana na batalioni ya 6, ya Tanganyika. Na begani, ukitumia lenzi, unaona kichwa cha kifaru, alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki.

Kuanzia hapo njia ikafunguka. Divisheni hiyo ilikusanyika Ceylon mwaka 1943, ikaingia Burma katikati ya 1944, ikashuka bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, malaria na matope vikiuma sawasawa na Wajapani, na mapema Desemba ikafika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Barabara zilikuwa hazipitiki, kwa hiyo chakula kilidondoshwa na ndege. Babu risasi hakuzizungumzia sana, ila magunia yaliyoanguka kutoka angani alikuwa akiyasimulia mpaka tunachoka, nasi tukadhani ni chumvi za wazee. Nishani yake ya Burma Star haina jina, kwa hiyo yenyewe peke yake haithibitishi chochote. Picha imetupa zaidi.

Wapo ambao hata kaburi hawana. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, mamia kati yao wakiwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Picha iliyotumwa nyumbani kabla ya safari ile ni kitu kikubwa sana kwa waliobaki.

Sasa, adui wa picha hizi mbali na mchwa ni mapenzi yetu wenyewe. Mjukuu akiona picha inafifia, anaikimbiza stesheneri ikapigwe laminesheni. Mashine ile inaibana kwa moto na gundi, na ukishafanya hivyo huwezi kuitoa tena bila kuichuna. Wengine huiweka kwenye albamu za kurasa zenye gundi, au huandika majina nyuma kwa kalamu ya wino, wino ukapenya hadi usoni mwa mtu. Idara yako ina wataalamu wa kuhifadhi. Tangazo moja redioni lingeokoa nyingi: zitoe kwenye plastiki, ziweke kwenye bahasha ya karatasi mahali pakavu pasipo jua, andika kwa penseli laini, na laminesheni iache kwa vitambulisho.

Najua swali litakalokuja: vile havikuwa vita vyetu, vilikuwa vya mkoloni, tuhifadhi ya nini? Nalielewa. Kambi iliyoitwa Colito hapa Dar es Salaam ilibeba jina la mapigano ya Mei 1941 kule Uhabeshi, ambako Sajini Nigel Leakey wa batalioni ya 6 alipata nishani ya Victoria Cross. Leo kambi hiyo inaitwa Lugalo, jina la mahali ambapo Wahehe walilishinda jeshi la Wajerumani mwaka 1891, na kubadilisha jina kulikuwa haki kabisa. Lakini Leakey jina lake limehifadhiwa vizuri huko kwao. Walioambatana naye, vijana wa Tanganyika, ndio waliofutika pamoja na kibao cha kambi. Zaidi ya watu 80,000 walitoka nchi hii kwenda vita vile, wengine kwa hiari na wengine kwa kusukumwa na machifu. Siombi wapigiwe mizinga. Naomba waandikwe.

Dawati moja katika kila kituo chenu cha kanda lingetosha kuanzia: skana, mtumishi mwenye subira, na stakabadhi ili mwenye picha awe na uhakika itarudi. Majina yaandikwe kama mzee anavyoyatamka, na ya utani pia, maana jeshini wengi walijulikana kwa hayo. Sambamba na hilo, Idara iombe nakala za shajara za vita za batalioni zetu, zilizoko kwenye nyaraka za taifa za Uingereza kule Kew. Za Burma ziko chini ya WO 172. Taasisi ikiomba husikilizwa. Mkulima wa Sikonge hawezi kuzifuata London.

Picha zetu ziko tayari, na Shangazi amekubali kukaa na mtumishi wako yeyote. Ila aje asubuhi, mchana huwa amelala.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mjukuu wa koplo wa Keya