Utafiti wa mifugo: Manahodha wengi, chombo chaenda mrama

Mfugaji wa Kaloleni mwenye ng'ombe wawili wa maziwa hahitaji kufundishwa ndigana kali ni nini. Matezi huvimba chini ya masikio, homa hupanda, pumzi huwa nzito, na katika muda wa wiki mbili au tatu mnyama aliyenunuliwa kwa akiba ya miaka mingi huwa ni wa kuzikwa. Anajua pia kwamba anayeuleta ugonjwa huo ni kupe. Asichokijua, na si kosa lake, ni kwamba mojawapo ya aina za vimelea ambazo wanasayansi wa Kenya walizitumia kutengeneza chanjo ya maradhi hayo ilichukuliwa hapa hapa Kilifi. Hadi leo, katika maandishi ya kisayansi ya dunia nzima, aina hiyo inaitwa Marikebuni.

Basi jina la kijiji chetu limefika kwenye maabara za watu, lakini chanjo yenyewe haijafika kwenye mazizi yetu kwa kiasi cha kutosha. Kwa nini? Wasomi tunao na vyuo tunavyo. Tatizo, kwa maoni yangu, ni jinsi utafiti wa mifugo unavyopangwa na kugharamiwa nchini, na hili ni jambo ambalo wanasiasa wetu hawaligusi kamwe wanapokuja kutuomba kura.

Tuanze na hiyo chanjo, maana ni mfano mzuri. Huhifadhiwa katika nitrojeni ya maji yenye baridi kali, ndani ya mirija midogo ambayo mmoja tu hutosha ng'ombe wapatao 40. Ng'ombe anapochanjwa hudungwa pia dawa ya antibayotiki siku hiyo hiyo, ili vimelea alivyopewa visimdhuru. Kwa mwenye ranchi, hesabu hiyo inakubali. Kwa mama mwenye ng'ombe wawili, haikubali mpaka akusanyike na wenzake 19 siku moja. Isitoshe, karibu na Shimba Hills na Tsavo kuna nyati, na vimelea vinavyotoka kwa nyati havizuiliwi vizuri na chanjo hiyo.

Hapo kuna maswali ya daktari wa mifugo, ya mtaalamu wa vimelea, ya mchumi, ya afisa wa ugani na ya mtu wa wanyamapori. Hakuna idara ya chuo kimoja inayoweza kuyajibu yote. Yanahitaji watu wa Kabete, wa Njoro, wa Kilifi na wa Mtwapa wakae meza moja, wakiwa na bajeti moja, kwa miaka mitano au kumi. Hicho ndicho kinachokosekana.

Tuliwahi kuwa na mpango

Si kweli kwamba jambo hili haliwezekani Afrika Mashariki. Lilifanyika huko Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Kituo cha utafiti wa mifugo cha Muguga kilikuwa cha pamoja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapo ndipo Walter Plowright na wenzake walipotengeneza chanjo ya sotoka, ule ugonjwa ulioangamiza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890. Mwaka 1999 Plowright alitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi hiyo. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaza kwamba sotoka imetokomezwa kabisa, ugonjwa wa pili kutokomezwa duniani baada ya ndui. Hapo hapo Muguga ndipo chanjo ya ndigana kali nayo ilipozaliwa.

Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na kila nchi ikashika lake. Kenya iliunda taasisi yake ya utafiti wa kilimo, KARI, mwaka 1979, na nyingine ya kushughulikia nagana, KETRI. Mwaka 2003 KETRI iliingizwa ndani ya KARI. Mwaka 2013 ikaja sheria nyingine iliyounganisha KARI na taasisi za chai, kahawa na sukari, ikazaliwa KALRO. Katika mgawanyo huo mpya, maziwa yalipewa Naivasha, ng'ombe wa nyama Lanet, mbuzi, kondoo na ngamia wakapelekwa Marsabit. Mtwapa, ambako watafiti walianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kushirikiana na kituo cha kimataifa cha mifugo kutafuta lishe na aina ya ng'ombe wanaolifaa joto letu, pakawa makao ya utafiti wa mazao ya viwandani.

Sina ugomvi na korosho wala minazi. Lakini ona kilichotokea. Katika taasisi za mifugo za KALRO, hakuna hata moja yenye makao yake katika kaunti sita za Pwani. Na joto la Pwani si la Naivasha. Ng'ombe wa Friesian anayetoa maziwa kwa raha kule bara huku hukaa akihema, hula kidogo, na maziwa hupungua. Majibu yaliyopatikana Mtwapa, kama vile kupanda nepia pamoja na lusina na kutumia machotara badala ya ng'ombe wa kigeni halisi, yanahitaji kuendelezwa kila mwaka, kwa sababu magonjwa ya nyasi hubadilika na mvua nazo zimebadilika. Huku tukisubiri, Mombasa inaendelea kunywa maziwa ya pakiti yanayoshuka na malori kutoka bara.

Sheria ipo, fedha hazipo

Ukisoma Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 utadhani tatizo lilishatatuliwa. Sheria hiyo iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti, na ikasema kwamba kila mwaka hazina hiyo itengewe asilimia 2 ya pato la taifa. Asilimia 2. Nchi za Umoja wa Afrika zenyewe zilikubaliana kulenga asilimia 1 tu. Zaidi ya miaka kumi imepita na Kenya haijawahi kuipa hazina hiyo hata sehemu ndogo ya kiwango hicho. Sheria inabaki kuwa pambo.

Vyuo vikuu navyo vina madeni, na wahadhiri waligoma kwa wiki kadhaa mwaka 2025 wakidai haki zao. Mhadhiri anayehangaikia mshahara hawezi kulaumiwa akikimbilia ufadhili wowote unaotangazwa. Na ufadhili unaotangazwa, mara nyingi, hutoka nje. Ndipo tunapata utaratibu tunaoujua sote: mradi wa miaka mitatu, gari lenye nembo mlangoni, semina hotelini, ripoti, kisha kimya. Chuo cha pili huanza mradi mwingine kijijini humo humo bila kujua wa kwanza uligundua nini. Mfugaji huulizwa maswali yale yale na vijana tofauti wenye fomu tofauti, na majibu yake yote hufungiwa kwenye kompyuta ambazo haziongei.

Wazee wetu walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 2025 tuliiona maana yake waziwazi. Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada la USAID, miradi ya utafiti wa mifugo iliyokuwa ikiviunganisha vyuo vya huko na watafiti wa Kenya ilikatiwa fedha katikati ya safari. Watafiti hawakuwa wamekosea lolote. Uamuzi ulifanywa mbali, na watu ambao hawajawahi kuona kupe. Lakini lawama kubwa si ya Wamarekani, maana fedha zilikuwa zao. Lawama ni yetu tulioacha maradhi ya ng'ombe wetu yategemee bajeti ya bunge la watu wengine.

Kinachopotea

Wapo watakaosema utafiti ni anasa, na kwamba wananchi wanataka barabara na maji. Nawaomba watazame mifano miwili ya hapa nyumbani.

Wa kwanza ni ng'ombe wa Waorma. Katika miaka ya 1980, kwenye ranchi ya Galana, watafiti wa nagana waliwaweka ng'ombe wa Waorma pamoja na Boran wa kawaida katika eneo lenye mbung'o. Ng'ombe wa Waorma waliambukizwa mara chache zaidi, na walipougua walihimili upungufu wa damu kuliko wenzao. Yaani wafugaji wa Tana River, kwa karne za kuchagua dume na mtamba, walikuwa wameshafanya kazi ambayo maabara ilikuja kuithibitisha. Je, leo kuna mpango gani wa pamoja wa kuihifadhi na kuiboresha mbegu hiyo? Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini. Kila mtamba wa Waorma aliyekufa bila uzao alikwenda na sehemu ya elimu hiyo.

Wa pili ni wa Kwale. Wanasayansi wa ICIPE waligundua kwamba mbung'o hawampendi kuro, yule mnyama wa porini, kwa sababu ya harufu yake. Wakaiiga harufu hiyo, wakaitia kwenye kola inayovalishwa ng'ombe shingoni, na wakaijaribu pembezoni mwa Shimba Hills. Maambukizi ya nagana kwa ng'ombe waliovaa yalipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Ng'ombe wakanenepa, majembe ya kukokotwa yakarudi shambani. Lakini kutoka kwenye jaribio hadi kola kuuzwa kila duka la dawa za mifugo ni safari inayohitaji kiwanda, soko, mafunzo na fedha za kufuatilia. Hapo ndipo uratibu hukatika.

Kuna na hatari nyingine isiyo ya mfugaji peke yake. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka mwaka 1997 na tena mwishoni mwa 2006, iliua watu na mifugo kaskazini mashariki, na Tana River na Kilifi ziliguswa. Mwaka 2000 ugonjwa huo ulivuka bahari hadi Saudia na Yemen, na nchi za Ghuba zikafunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika. Tunapozungumza juu ya kuuza mbuzi na kondoo Ghuba kupitia Mombasa, au juu ya kituo cha Bachuma kule Taita Taveta, tukumbuke kwamba mnunuzi wa kule hatatuuliza kama tuna bandari. Atatuuliza kama tuna takwimu za magonjwa zinazoaminika.

Tufanye nini?

Katiba ya 2010 iliwapa magavana ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya mifugo. Sera na vyuo vikuu vikabaki Nairobi. Matokeo ni kwamba mwenye tatizo ni kaunti, na mwenye mtafiti ni serikali kuu. Manahodha wawili, na kila mmoja ana usukani wake.

Wengine waliokutana na shida hii waliitatua kwa njia rahisi. Marekani, tangu sheria yao ya mwaka 1887, serikali kuu huvipa vituo vya utafiti vya vyuo vya kilimo fedha kila mwaka, na jimbo nalo linatakiwa kuweka kiasi sawa na hicho. Zaidi ya hapo, angalau robo ya fedha hizo lazima itumike kwa utafiti unaounganisha majimbo mbalimbali. Si ombi, ni sharti. Chuo kisichotaka kushirikiana na jirani hakizipati.

Pwani tunaweza kuanza bila kungoja Nairobi. Jumuiya ya Kaunti za Pwani ipo na ina kaunti zote sita. Tuseme kila kaunti iweke shilingi milioni 10 kwa mwaka katika kapu moja la utafiti wa mifugo. Hiyo ni milioni 60, pungufu ya kinachotumika kwa safari na semina. Chuo Kikuu cha Pwani, ambacho kilianzia kwenye taasisi ya kilimo ya Kilifi na sasa kina kituo chake cha utafiti wa sayansi ya viumbe, kiongoze. Vyuo vya Mombasa na Taita Taveta viingie, pamoja na Kabete, Egerton na KALRO, kila kimoja kwa kile inachokijua zaidi. Hazina ya Taifa ya Utafiti itakiwe kuongeza shilingi kwa shilingi.

Masharti yawe manne tu. Asiyeshirikisha angalau chuo kingine na kaunti moja asipewe. Maswali ya utafiti yatokane na mikutano ya wafugaji na maafisa wa ugani. Takwimu zote ziwekwe mahali pamoja panapofikiwa na kila mtafiti. Na matokeo yarudi kijijini kwa Kiswahili, kabla ya kwenda kwenye majarida ya Ulaya.

Najua pingamizi. Kaunti zina madeni ya wanakandarasi, na kapu la pamoja linaweza kugeuka kapu la wachache. Ni hofu ya haki. Ndiyo maana kapu hilo lianze dogo, likaguliwe hadharani kila mwaka, na lisiwe na magari wala ofisi mpya. Wengine watasema tunajitenga na taifa. La hasha. Kupe hajui mpaka wa kaunti, na jibu litakalopatikana Kwale litamfaa mfugaji wa Busia na wa Tanga vilevile.

Mwaka ujao tutakwenda debeni. Watakuja kutuahidi mengi. Atakayefika Magarini kuomba kura, na aulizwe swali moja jepesi: Marikebuni iliipa dunia kimelea cha kutengenezea chanjo, yeye atairudishia Marikebuni nini?