Msimbo Si Hukumu

Jamani mafundi, acheni mchezo huu! Taa ya injini yangu iliwaka. Fundi akachomeka mashine ya kusoma misimbo, ikatoa P0171, naye papo hapo akasema: "Leta sensa mpya ya oksijeni." Nikanunua. Siku tatu tu, taa ikarudi.

Mimi naandika programu. Programu ikitoa ujumbe wa kosa, sikimbilii kununua kompyuta mpya, natafuta chanzo. P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema hewa imezidi petroli. Sensa ni shahidi aliyeripoti, nasi tukamnyonga shahidi!

Nikachomeka kifaa changu cha ELM327, nikasoma kwenye simu. Gari likinguruma bila kwenda, kompyuta yake iliongeza petroli kwa asilimia 22. Nikikanyaga mafuta, nyongeza inashuka hadi 5. Hiyo ni dalili ya hewa inayopenya mahali. Kweli, mpira mmoja wa hewa ulikuwa umepasuka.

Nawe unayefuta msimbo ili taa izime tu, unafuta pia kumbukumbu ya hali ya injini hitilafu ilipotokea. Ushahidi umeuchoma mwenyewe. Soma, pima, ndipo ununue.