Sabuni haitoshi: tuulize pia dosie za wafungwa

Tarehe 2 Septemba 2024, watu 129 walikufa katika gereza la Makala, Kinshasa, kwa hesabu ya serikali yenyewe. Gereza hilo lilijengwa kwa watu 1,500. Siku ile lilikuwa na zaidi ya 10,000, na wengi wao walikuwa hawajahukumiwa.

Magereza yetu hayajazwi na wahalifu tu. Yanajazwa pia na dosie zinazolala. Hata hivyo, Katiba ya 2006, kifungu cha 18, haimruhusu polisi kumshika mtu zaidi ya saa 48: amwachilie au amfikishe kwa wenye mamlaka ya sheria.

Hapa Kalemie, tukipeleka chakula na sabuni gerezani, tunatii Mathayo 25:36. Lakini tutoke na majina pia: nani ameingia, tangu lini, dosie yake iko wapi? Makanisa yote pamoja tupeleke orodha hiyo parke kila mwezi, kwa heshima, bila kuchoka.

Wengine watauliza: na aliyeibiwa, aliyebakwa? Naye anangoja. Kesi isiyosikilizwa haimpi haki mshitakiwa, wala haimfuti machozi aliyekosewa.