Usiende Kupigwa Picha Ukiwa na Kiu

Wagonjwa wengi wa vijijini sasa wanapelekwa hospitali za mjini kupigwa picha za ndani ya mwili. Mashine moja inaitwa siti skani. Ni jamaa ya eksirei, lakini inaona zaidi. Mara nyingine mgonjwa huchomwa sindano ya dawa ili mishipa na viungo vionekane wazi. Watu huiita rangi. Ina iodini nyingi, yale madini joto tunayotiliwa katika chumvi. Ikiingia, mwili husikia joto. Usiogope, joto hilo hupita.

Dawa hiyo hutolewa na figo kwa njia ya mkojo. Figo nzima huimaliza kwa siku moja hivi. Figo dhaifu zinaweza kuumia. Zamani madaktari waliiogopa sana. Siku hizi imeonekana kuwa hatari yake ni ndogo kuliko walivyodhani. Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaokimbia sindano. Ugonjwa usioonekana hautibiki.

Ninachokipinga ni jinsi tunavyosafiri. Mtu anapanda basi alfajiri. Hanywi maji, maana basi halitasimama ajisaidie. Ameambiwa asile kabla ya kipimo, naye ameacha hata maji. Mgongo ukimwuma njiani, anameza diklofenaki ya dukani. Dawa hiyo, na ibuprofeni pia, hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Anafika mkojo una rangi ya chai ya rangi. Hapo ndipo anapochomwa sindano!

Ukiambiwa usile, uliza, "Na maji je?" Mara nyingi maji yanaruhusiwa. Basi kunywa, kabla ya picha na baada yake. Ila mwenye ugonjwa wa moyo au anayevimba miguu aulize kwanza anywe kiasi gani. Kwake maji mengi ni hatari.

Jambo la pili ni kadi ya kliniki. Wengi huiacha nyumbani. Wapo pia wanaoficha kwamba wana kisukari, wakidhani watarudishwa. Hiyo si aibu. Kisukari na presha huharibu figo polepole bila maumivu, na mwenyewe hajui. Sema una ugonjwa gani. Taja dawa zote, hata za mitishamba. Daktari akijua, atapima damu kitu kinachoitwa kreatinini, aone figo zina nguvu gani. Anayetumia metformini ya kisukari huenda akaambiwa aiache kwa siku 2 tangu siku ya picha, kama figo zake ni dhaifu. Asiiache kwa kujiamulia.

Ukiwa na figo dhaifu, usikimbilie basi la jioni. Lala kwa ndugu, damu ipimwe tena baada ya siku 2 au 3. Mkojo ukipungua, au uso na miguu ikivimba, rudi hospitali siku hiyo hiyo.